Wasifu wa Diwani Aliyechelewa Kufa

Haya si ya zamani za kale, wala wanyama hawakuwa wakisema. Ni ya juzi tu, watu ndio waliokuwa wakisema, na wengi wao walikuwa wakisema uongo. Nchi yenyewe sitaitaja, kwa sababu ina sheria inayokataza jina lake kutajwa pamoja na matendo yake. Anayetaka kuijua na atazame bomba la mtaani kwake. Kama lina kufuli, asinisumbue kwa maswali.

Mimi ni Karani wa Baraza la Manispaa. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za vikao, kugonga muhuri na kunyamaza. Nimeifanya miaka kumi na saba bila doa, hasa hiyo ya tatu.

Mji wetu una mabomba ya umma kumi na moja, na kila bomba lina kufuli. Makufuli hayo si ya serikali. Yaliwekwa na Bwana Mbaruku Tego pamoja na vijana wake, kwa moyo wao mwema, ili maji yasipotezwe ovyo na watu wenye kiu. Anayetaka maji hununua kwenye maboza, yale malori ya tangi, ya Bwana Tego. Fundi mmoja aliyejaribu kukata kufuli alikutwa ndani ya tangi la boza, na polisi wakaandika kwamba alikufa kwa kunywa kupita kiasi. Neno genge kwetu haliruhusiwi. Magenge yako nchi jirani. Sisi tuna wadau wa maji.

Diwani wa kwanza kulisema jambo hili mbele za watu alikuwa Hemedi Kilumbi wa Kata ya Mferejini. Alisimama barazani akatoa hoja kwamba makufuli yaondolewe. Meya Nzagamba akauliza, kama kanuni inavyotaka, nani anaiunga mkono. Madiwani ishirini na mbili wakatazama dari. Dari letu, niwaambie, halina hata utando wa buibui wa kutazamwa. Nikaandika kwenye kitabu: Ukimya. Wiki iliyofuata Hemedi akafariki ghafla kwa ugonjwa wa risasi tatu.

Mazishi yake yalikuwa aibu. Bwana Tego alijitolea maturubai, viti, jeneza na boza zima la maji ya kupikia, kama afanyavyo kwa kila anayekufa kwa ugonjwa ule, na ndiyo maana mji mzima unamwita Mfadhili. Lakini pilau iliisha kabla meza kuu haijala, kipaza sauti kikakoroma, na Diwani Shomvi, aliyepewa kusoma wasifu wa marehemu, akachukua karatasi ya msiba mwingine na kumsifu Hemedi kuwa mama mwema wa watoto tisa. Hata hivyo walilia. Loh, walilia wale wanaume! Mmoja baada ya mwingine walishika kipaza sauti wakaapa kwamba walimuunga mkono marehemu siku zote, bega kwa bega, mpaka dakika ya mwisho.

Dada yake, Bi Zawena, alikuwa amekaa mkekani anasikiliza. Ni dobi wa Barabara ya Tatu, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mikono imebabuka kwa sabuni. Akaniita kwa kidole.

"Bwana Karani," akasema, "wewe ndiye unayeandika vikao. Siku waliyomuunga mkono kaka yangu, ulikuwa mgonjwa?"

Nikamwambia nilikuwapo. Akauliza basi nimeandika nini. Nikamwambia nimeandika Ukimya. Akatikisa kichwa polepole, akasema sawa, amesikia. Mimi nikajua yameisha hapo, nikaenda kutafuta pilau.

*

Kiti cha Mferejini kikatangazwa kuwa wazi. Jamani, kilikaa wazi! Watu waliokuwa wakigombania hata ujumbe wa nyumba kumi waligundua kwa pamoja kwamba wana shinikizo la damu. Msimamizi wa uchaguzi alikaa na fomu zake siku tatu akifukuza nzi. Siku ya tatu akatokea Bi Zawena na furushi la sare za polisi kichwani, kwa sababu ndiye anayezifua. Akalitua, akajaza fomu, akajitwika tena, akaenda zake. Akapita bila kupingwa.

Kikao cha kwanza tu akasimama na hoja ya kaka yake, neno kwa neno. Meya akauliza nani anaunga mkono. Diwani Shomvi akaangusha kalamu, akaingia chini ya meza kuitafuta, na hakurudi juu mpaka hoja ilipokufa. Mwingine akashikwa na kikohozi. Mwingine akakumbuka kwamba hajamalizia sala. Mimi nikaandika neno langu lilelile.

Hapa inabidi niwaeleze Kanuni ya 41, kwa sababu bila hiyo hamtanielewa. Kanuni inasema hoja lazima iungwe mkono, ama kwa diwani kusimama, ama kwa maandishi yenye sahihi yake na muhuri wa Baraza. Hilo la maandishi liliongezwa kwa ajili ya waheshimiwa wanaosinzia, ili usingizi usiwanyime haki yao. Na wakiunga kwa maandishi zaidi ya nusu, hoja imepita papo hapo bila mjadala. Ndivyo walivyojiongezea likizo mara tatu pasipo kuamka. Lakini hoja ikikosa wa kuiunga mara tano, inazikwa, wala haitarudi tena mpaka Baraza livunjwe.

Hemedi alikuwa ametumia mara ya kwanza. Bi Zawena akatumia ya pili, ya tatu na ya nne. Ikabaki moja, na baada ya hiyo makufuli yangekuwa halali kwa miaka yote iliyobaki ya Baraza hilo.

Nje ya ukumbi, wote walikuwa wake. Walimvizia kwenye korido, karibu na choo, wakamshika mkono kwa mikono miwili na kumnong'oneza kwamba wako pamoja naye. Akawaambia waseme hivyo ndani. Wakamjibu kwamba siasa ina wakati wake, dada, na mambo mazuri hayataki haraka. Kisha wakachungulia kulia na kushoto kabla ya kumwachia mkono.

*

Baada ya mara ya nne, mchana kweupe, pikipiki mbili zilipita mbele ya nyumba yake na mlango ukabaki na matundu tisa. Mungu si Athumani, yeye alikuwa uani anaanika. Risasi moja ilipita katikati ya sare ya Kamanda Lwiza, mkuu wa polisi wetu, iliyokuwa imetundikwa nyuma ya mlango ikiwa imeshapigwa pasi.

Kamanda akaja mwenyewe kuchunguza. Akaandika kwamba mlango umepatwa na matundu tisa yenye asili isiyojulikana. Akaitazama sare yake mbele na nyuma, akapitisha kidole kwenye tundu, akaandika kwamba imetafunwa na panya. Nilikuwa nimeitwa kama shahidi wa serikali, basi nikatia sahihi chini ya panya huyo.

Bi Zawena akaomba askari wa kumlinda. Kamanda akampa Fomu ya Ulinzi. Swali la kwanza lilikuwa: Je, unaogopa? Ukijibu Hapana, huhitaji askari. Ukijibu Ndiyo, umekiri woga kwa maandishi, na Katiba yetu tukufu inasema kiongozi mwoga hafai kuongoza, kwa hiyo kiti chako kiko wazi tangu saa ile. Mama wa watu akauliza, mbona Meya ana askari wanne? Kamanda akamweleza kwa upole kwamba wale wanalinda kiti cha Meya, ambacho ni mali ya umma, na Meya hukikalia tu.

Akalisoma swali lile mara ya pili. Kisha akaweka alama kwenye Hapana. Nilijua jibu lake si la kweli, na nikaona haya, lakini haya yangu hayakunituma kufanya lolote.

Ee, serikali ilivyofurahi! Mtu mlango wake umetobolewa mara tisa, halafu anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba haogopi! Barua ikaja kutoka Ikulu: Bi Zawena Kilumbi ametunukiwa Ushujaa wa Kata, Daraja la Pili. Daraja la Kwanza hupewa marehemu. Waziri wa Utulivu akafunga safari kuja kumvisha utepe wa shujaa, wa manjano, mpana kama kitambaa cha meza, unaomeremeta. Kwa sheria, shujaa lazima auvae kila atokapo nje, ili aonekane kwa umbali wa hatua mia tatu.

"Ndugu wananchi," Waziri akanguruma, "taifa lisilo na mashujaa ni kama nyumba isiyo na paa. Leo adui popote alipo anatetemeka, kwa maana akimtafuta Bi Zawena, hatamkosa!"

Watu wakapiga makofi. Bwana Tego, aliyekuwa safu ya mbele kwa sababu viti ni vyake, alipiga zaidi ya wote. Bi Zawena alipopewa nafasi ya kushukuru, alimwomba Waziri afungue bomba moja tu, la hapohapo uwanjani, wageni wanawe mikono. Waziri akacheka mpaka akajifuta machozi, akasema mashujaa wa siku hizi wana utani, kisha akaingia kwenye gari.

*

Sherehe ilikuwa Jumatatu. Jumanne Baraza likaunda Kamati ya Mazishi ya Bi Zawena.

Msishangae. Kwetu barabara zinaweza kungoja miaka ishirini na dawa zikangoja meli, lakini kamati ya mazishi haingoji chochote, hata maiti. Tena baada ya aibu ya Hemedi, waheshimiwa walikwisha kupitisha azimio kwamba hawataaibika mara ya pili. Hakuna diwani atakayezikwa kabla kila mwenzake hajawasilisha wasifu wa marehemu, Fomu MZ/7, umetiwa sahihi na kugongwa muhuri. Busara ikaelekeza uwasilishwe mapema, wakati mhusika bado yupo wa kuulizwa tarehe ya kuzaliwa. Tarehe ya kifo iachwe wazi. Mwenyekiti wa Kamati, kwa kauli moja, akawa Bwana Mbaruku Tego.

Nikafuatana naye kwenda kwa Bi Zawena kukamilisha mipango. Bwana Tego, nisimsingizie, ni mtu mpole kweli. Huongea chinichini, husalimia hata paka wa nyumba. Akaketi kwenye kigoda, akamuuliza mwenye mazishi yake kama angependa maturubai meupe au ya buluu, na upande gani wa makaburi.

"Dada yangu, mimi sina haraka," akasema. "Nataka tu siku ikifika usipate usumbufu."

Bi Zawena hakuacha kupiga pasi. Akasema pilau iwe na nyama, maana ya kaka yake ilikuwa viazi vitupu. Bwana Tego akaandika: nyama. Halafu Bi Zawena akaniuliza mimi, hizo karatasi za kumsifu, yeye atazisikia lini? Nikamweleza utaratibu: nakala tatu, moja ya Baraza, moja ya Kamati, moja ya ndugu wa karibu wa marehemu. Nikakumbuka kwamba sehemu ya ndugu wa karibu ilikuwa haijajazwa. Ndugu yake alikuwa Hemedi peke yake.

Akaisimamisha pasi, akajifuta mikono, akachukua kalamu yangu. Akaandika: Zawena Kilumbi. Kwenye uhusiano akaandika: yeye mwenyewe.

Nikamtazama Bwana Tego. Akacheka kwa raha, akasema kanuni haikatazi, na mtu kusoma sifa zake kabla ya safari ni jambo la heri. Ule wema wake ndio uliomponza.

Waheshimiwa wakaandika, bwana! Watu ambao kwa miaka hawakuwahi kuniletea hata barua ya udhuru walijaza kurasa mbele na nyuma. Shomvi aliandika: "Kila alipotoa hoja ya kufungua mabomba, mimi nilikuwa wa kwanza kusimama kumuunga mkono." Mwingine akaandika kwamba aliiunga hoja ile huku akitishiwa maisha. Bwana Tego mwenyewe, kama mwenyekiti, akaandika wake: "Nilimwambia, dada, niachie mimi, makufuli hayo nitayafungua kwa mikono yangu." Kwani kuna ubaya gani? Marehemu hasemwi vibaya, na uzuri wake mwingine ni kwamba hajibu.

Mimi nami nilitakiwa kuandika. Niliandika maneno mawili: Nilisimama naye. Kwa kweli vikao vyote vile nilikuwa nimekaa. Nikagonga muhuri, nikaweka pamoja na zao.

Jumamosi nikampelekea Bi Zawena nakala zake. Alizisoma uani, amekalia beseni lililopinduliwa, miwani puani, mpaka alasiri. Katikati alilia. Nikadhani ni hofu.

"Sifa hizi hizi ndizo walizomsemea Hemedi," akasema. "Kaka yangu alikuwa na watu ishirini na mbili na hakujua."

*

Kikao cha tano kilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Sehemu ya wananchi ilijaa akina mama na ndoo tupu, kwa kuwa habari ilienea kwamba leo hoja inazikwa. Bwana Tego alikaa mbele, mguu juu ya mguu, pembeni yake mwandishi wa redio. Bi Zawena aliingia na furushi. Alikuwa amelifunga kwa ule utepe wa ushujaa.

Akatoa hoja. Meya, kwa sauti ya mtu anayesoma talkini, akauliza nani anaiunga mkono. Kalamu ya Shomvi ikaanguka, na Shomvi akaifuata.

"Mheshimiwa Meya," akasema Bi Zawena, "wameshaunga. Naomba nisome."

Akafungua furushi, akaanza na Shomvi. Akasoma jina, akasoma aliyoyaandika, akainua karatasi ili muhuri uonekane. Chini ya meza kulikuwa kimya kabisa. Akasoma wa pili, akasoma wa tatu. Akina mama walicheka kwanza, kisha wakaacha kucheka, wakawa wanasikiliza tu wakiwa wameshika ndoo zao. Alipofika wa kumi na tano Meya akagonga meza, akasema ule ni wasifu wa marehemu, na kwa masikitiko makubwa mheshimiwa bado yu hai.

"Kanuni ya 41 inataka sahihi na muhuri," akasema Bi Zawena. "Haisemi mwenye hoja awe maiti. Na kama kuna aliyeandika uongo, asimame aseme alikusudia kudanganya kwenye kaburi langu."

Sasa angalieni maajabu. Ili kukana, ilikuwa lazima mtu asimame. Na watu wale, kwa mazoezi ya miaka, kusimama walikuwa hawawezi. Walitazama dari kama kawaida yao. Niliona umebaki mlango mmoja tu wa wao kutokea, na nilijua mlango huo ni mimi.

Meya akanigeukia. Akauliza kama Karani ana hakika sahihi zile ni za wahusika. Ilikuwa rahisi sana. Ningesema sina hakika, uchunguzi ungeundwa, hoja ingezikwa, na nyuma yake Bi Zawena. Bwana Tego alikuwa akinitazama kwa upole. Wiki ile alikuwa ameniuliza binti yangu anasoma wapi, nami nikamtajia, akasema ni shule nzuri, iko karibu na barabara.

Bi Zawena akachomoa karatasi moja zaidi kutoka furushini. Hakuisoma. Akaja mpaka mezani kwangu, akailaza mbele yangu kifudifudi, akarudi mahali pake. Sikuwa na haja ya kuigeuza.

"Ni zao, Mheshimiwa," nikasema. "Muhuri niliugonga mimi."

Na nikajikuta nimesimama. Sijui nilisimama saa ngapi. Ishirini na mbili ni zaidi ya nusu, na hoja ikapita bila mjadala, kama likizo.

Kabla watu hawajatoka, Bi Zawena akasoma wasifu aliouandika Bwana Tego, ule wa kufungua makufuli kwa mikono yake mwenyewe, na mwandishi wa redio, kwa ujinga wake, akamsogezea Mfadhili kipaza sauti. Nini kingine angefanya? Jina lake lote liko kwenye ufadhili. Alitabasamu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo kumi na moja. Akatembea bomba hadi bomba, akina mama nyuma yake, akafungua yote. Jioni redio ikatangaza kwamba Mfadhili ameutunuku mji maji, na serikali ikampongeza.

*

Kesho yake madiwani ishirini na mbili walipanga foleni kwa Kamanda Lwiza kuomba ulinzi. Wote waliweka alama kwenye Ndiyo kwa haraka, wakasoma mstari wa pili, wakaanza kufuta kwa mate. Ikulu ikasikia kwamba Baraza zima limekana woga kwa maandishi, ikawatunuku wote Ushujaa, Daraja la Pili. Siku hizi mnaweza kuwaona kwa umbali wa hatua mia tatu, wanatembea wamebana ukutani, wanameremeta.

Bi Zawena yu hai. Si kwamba amesamehewa. Makufuli mapya, makubwa zaidi, yako kwenye ghala la Bwana Tego, na wote tunajua yanangoja nini. Lakini Mfadhili haui mtu ovyo. Heshima yake ni mazishi, na bila wasifu hakuna mazishi. Zile karatasi za kwanza zilishagongwa IMETUMIKA. Zinatakiwa mpya, na hakuna diwani anayethubutu kuandika kwamba Bi Zawena alikuwa mtu mwema, asije mwenyewe akaisoma tena kikaoni. Mama wa watu anaishi kwa sababu ya upungufu wa nyaraka.

Jumatatu hii Bwana Tego alikuja ofisini kwangu, peke yake. Akanisalimia, akarudisha mlango, akaweka mezani Fomu MZ/7. Jina la marehemu lilikuwa limejazwa: Zawena Kilumbi. Tarehe ya kifo nayo, safari hii, ilikuwa imejazwa: Ijumaa.

"Anza wewe tu, Karani," akasema. "Mmoja akianza, wenzake watafuata. Unawajua."

Ninawajua. Akaniuliza binti anaendeleaje na masomo. Niliitazama ile fomu, nikatazama muhuri wangu, na nawaambieni ukweli, niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa maishani.

"Wangu upo, Bwana Tego," nikasema. "Niliandika nilisimama naye. Sina cha kuongeza."

Hakukasirika. Alikunja karatasi yake, akanitakia kazi njema, akatoka. Jioni ile nilimpeleka binti yangu kwa bibi yake, mbali na barabara.

Kanuni inataka kila mazungumzo ya kikazi ofisini kwa Karani yaandikwe. Nikafungua kitabu, nikaandika aliyekuja, alichotaka, na ile tarehe ya Ijumaa kama nilivyoiona. Mwishoni, pale ambapo kwa miaka kumi na saba nimekuwa nikiandika Ukimya, niliandika: Karani alikataa. Nikagonga muhuri.

Leo ni Alhamisi na mabomba bado yanatoa maji. Bi Zawena amechukua shati langu jeupe kulifua, anasema siwezi kukaa kikaoni kesho na kola ile. Ukurasa ule, pamoja na haya yote yaliyoutangulia, nimeutoa nakala tatu. Moja ni ya Baraza. Moja ni ya Kamati. Ya tatu, kwa mujibu wa utaratibu, hupewa ndugu wa karibu, nayo ndiyo hii mnayoisoma.